Kupima umbali wa kijamii kati ya makabila: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Umbali wa kijamii ni nini hasa?

Ni kiasi cha ukaribu ambao mtu yuko tayari kumruhusu mtu wa jamii nyingine aufikie katika maisha yake. Yuko tayari kuoana naye? Kufanya naye urafiki? Kupakana naye nyumba kwa nyumba? Au hataki hata kumwona nchini? Mwanasosholojia Mjerumani Georg Simmel aliandika mwaka 1908 juu ya mgeni ambaye yuko karibu kimwili lakini mbali kijamii. Mwanasosholojia Robert Park aliliendeleza wazo hilo kule Chicago, na mwaka 1925 mwenzao Emory Bogardus wa Chuo Kikuu cha Southern California akalifanya kipimo chenye ngazi na alama.

Kinachopimwa ni utayari unaotamkwa, na ni utayari kwa kundi zima, wala si kwa Fulani unayemjua. Ukilisahau hilo utaandika ripoti inayosema kabila fulani "linabagua" wakati data yako inasema tu kwamba watu wake, walipoulizwa, walijibu hivyo.

Kipimo cha Bogardus kina ngazi gani?

Saba. Mhojiwa anaulizwa kama angekubali mtu wa jamii iliyotajwa awe:

1. ndugu wa karibu kwa njia ya ndoa;
2. rafiki wa karibu;
3. jirani wa mtaa mmoja;
4. mfanyakazi mwenzake;
5. raia wa nchi yake;
6. mgeni anayetembelea tu nchi yake;
7. asiruhusiwe kuingia nchini kabisa.

Alama ya mhojiwa kwa jamii hiyo ni namba ya ngazi ya karibu zaidi anayoikubali. Anayekubali ndoa anapata 1. Anayeishia kwenye kazi anapata 4. Alama ndogo maana yake ni ukaribu, na hapa ndipo wasomaji wa magazeti hujikwaa, kwa hiyo liandike hilo juu ya kila jedwali.

Ngazi hizo zinafaa katika nchi ambamo jamii zote tayari ni raia?

Nne za kwanza zinafaa. Tatu za mwisho zina tatizo. Bogardus aliuliza Wamarekani hasa kuhusu watu waliokuwa wakihamia Marekani, hivyo swali la kumpa mtu uraia au kumzuia mpakani lilikuwa na maana. Ukimuuliza mtu kama jamii iliyoishi nchini karne nyingi "iruhusiwe kuwa raia", unafanya mambo mawili mabaya kwa mpigo. Unapata jibu lisilo na maana, kwa kuwa uraia wao hauko mikononi mwa mhojiwa, na unapanda wazo kwamba uraia huo unaweza kujadiliwa.

Njia iliyozoeleka ni kuzibadilisha ngazi za chini ziendane na mpaka unaohusu watu kweli: mkazi wa mkoa wangu, mfanyabiashara anayekuja na kuondoka, asiyepaswa kuwapo katika mkoa wangu. Kama utafiti unahusu jamii za wenyeji pamoja na wahamiaji, tumia matoleo mawili na usichanganye wastani wake. Nchini Ukraine, ambako mwanasosholojia Natalia Panina alikirekebisha kipimo hiki, ngazi za ukaazi na utembeleaji wa nchi zilibaki kwa sababu orodha yao ina mataifa ya nje na jamii za ndani kwa pamoja. Hilo lina gharama yake: alama ya 5 haina uzito uleule kwa Mfaransa anayeishi Paris na kwa jirani wa kijiji cha pili.

Je, ndoa ndiyo ngazi ya karibu zaidi kila mahali?

Hapana. Hapa ndipo kipimo kinapohitaji kufanyiwa kazi zaidi kabla ya kwenda uwandani. Kuna jamii ambamo ndoa hupangwa kwa dini, kwa ukoo au kwa tabaka, na mtu atakataa kuoana na jamii B huku akiwa na marafiki wa kufa na kuzikana kutoka jamii hiyohiyo. Ukisoma alama yake tu, 2 badala ya 1, utasema ana umbali. Kumbe anafuata sheria ya ndoa ambayo ingemzuia pia kuoana na baadhi ya watu wa kabila lake mwenyewe.

Tiba ni kuuliza swali la ziada mara baada ya jibu la ndoa: "Ni kwa sababu ya kabila lao, dini yao, au jambo lingine?" Swali moja hilo huokoa uchambuzi mzima. Pili, amua ni ndoa ya nani. "Ungekubali kuoa au kuolewa" na "ungekubali binti yako aolewe" ni maswali tofauti, na pale watoto wanapohesabiwa upande wa baba, la binti huleta ukataaji tofauti na la mwana. Chagua moja, litumie kwa wahojiwa wote, na liandike lilivyo kwenye ripoti.

Ngazi ya kazi nayo ina mtego wake. Mtu anaweza kumkubali mwenzake wa jamii C kama mfanyakazi wa chini yake na kumkataa kabisa kama bosi. Bogardus aliuliza tu juu ya kazi moja. Katika nchi ambamo ajira na vyeo vinagombaniwa kikabila, ongeza swali la bosi, lakini liweke nje ya ngazi saba. Lina mantiki yake, ya madaraka, na ukilipachika katikati litavuruga mpangilio.

Tuweke jamii ngapi kwenye orodha, na tuziite majina gani?

Kwa mahojiano ya ana kwa ana, jamii 8 hadi 12 zinatosha. Ukizidisha, mhojiwa huanza kurudia jibu moja ili amalize. Utamjua: jamii saba za mwisho zote zina alama ileile. Kama ni lazima uwe na jamii 20, zigawe katika makundi mawili, kila mhojiwa apewe moja kwa bahati nasibu, na jamii tatu au nne za msingi ziwe katika yote mawili ili uweze kuyaunganisha.

Mpangilio wa kutaja majina ubadilishwe kwa kila mhojiwa. Jamii inayotajwa kwanza hupokea jibu la kufikiriwa, ya mwisho hupokea jibu la kuchoka.

Jina liwe lile ambalo jamii inajiita na ambalo halina tusi ndani yake. Usitumie jina la sensa kama wenyewe wanalikataa. Pia weka jamii ya mhojiwa mwenyewe kwenye orodha. Inaonekana upuuzi kumuuliza mtu kama angekubali kuoana na watu wa kwao, lakini jibu hilo ndilo kigezo chako cha kulinganishia. Katika baadhi ya sampuli (makundi ya watu waliochaguliwa kuhojiwa) jamii ndogo iliyodharauliwa kwa muda mrefu hujipa alama isiyo 1, na hiyo ni habari kubwa kuliko yote iliyomo kwenye jedwali.

Kuna nyongeza moja ya kijanja: jamii ya kubuni. Mwanasaikolojia Eugene Hartley, katika utafiti alioutoa mwaka 1946, aliweka kwenye orodha majina ya makundi yasiyokuwapo duniani, na wanafunzi waliozikataa jamii halisi waliyakataa na hayo pia. Jina moja la kubuni linakuonyesha ni kiasi gani cha umbali ni tabia ya jumla ya kukataa wageni na kiasi gani kinailenga jamii fulani. Ukilitumia, waambie wahojiwa ukweli mwisho wa mahojiano.

Swali lisomwe vipi?

Maelekezo ya Bogardus yalikuwa na mambo mawili ambayo watu huyaacha: mhojiwa atoe hisia yake ya kwanza bila kupima sana, na aifikirie jamii kwa ujumla wake, asimfikirie mtu bora kabisa wala mbaya kabisa aliyewahi kukutana naye. Yasome yote mawili kwa sauti kila mara.

Kisha kuna njia mbili za kurekodi. Ya kwanza ni kumpa kadi yenye ngazi saba na kumwomba aonyeshe moja, ya karibu zaidi anayoikubali. Ni ya haraka: jamii kumi humalizika kwa dakika tano hivi. Ya pili ni kuuliza kila ngazi kivyake, ndiyo au hapana. Inachosha, kwani jamii kumi kwa ngazi saba ni majibu 70, lakini ndiyo pekee inayokuwezesha kukagua kama ngazi zimekaa kama ngazi. Itumie kwenye jaribio la awali kwa watu 100 hadi 150, halafu utumie kadi kwenye utafiti mkuu.

Kwa wasiosoma, kadi ya michoro hufanya kazi vizuri (nyumba, meza, barabara, mpaka), ilimradi michoro imejaribiwa kwanza. Mchoro wa watu wawili wakipeana mikono huweza kusomeka kama biashara badala ya urafiki.

Tafsiri dodoso katika kila lugha ya utafiti, kisha mtu mwingine asiyeliona la mwanzo alirudishe katika lugha ya kwanza. Neno la kuangalia kwa makini ni "rafiki wa karibu". Katika lugha nyingi kuna maneno mawili au matatu ya viwango tofauti vya urafiki, na lugha moja ikichukua la juu na nyingine la chini, utakuwa umetengeneza umbali kwa mikono yako.

Nani amhoji nani?

Kabila la mhojaji linabadilisha majibu. Mhojiwa akiulizwa kuhusu jamii B na mtu ambaye jina lake, lafudhi yake au sura yake inamtambulisha kuwa wa jamii B, atajibu kwa adabu. Akiulizwa na mtu wa kwao, huenda akajibu kwa ukali kuliko anavyohisi, ili aonekane mwaminifu kwa wenzake. Hakuna mhojaji asiye na upande.

Kuna uamuzi wa aina mbili. Ama kila mhojiwa ahojiwe na mtu wa jamii yake, ili upendeleo uwe wa upande mmoja na unaojulikana, ama wahojaji wagawiwe kwa bahati nasibu. Kwa vyovyote vile, andika kabila na jinsia ya mhojaji katika kila rekodi. Data bila safu hiyo haiwezi kusafishwa baadaye, na safu yenyewe hugharimu sekunde moja.

Umati nao uhesabiwe. Shemeji akisimama mlangoni, jibu la ndoa si la mhojiwa peke yake. Weka kisanduku: "Je, kulikuwa na mtu mwingine aliyesikia?"

Sampuli iwe kubwa kiasi gani?

Hesabu kwa kila jamii inayojibu. Jumla ya nchi haikusaidii hapa. Mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi majibu yalivyotawanyika kuuzunguka wastani) wa alama za Bogardus mara nyingi uko karibu na 1.5 hadi 2. Tukichukua 1.77, watu 100 wanakupa ukingo wa makosa wa 1.96 × 1.77 ÷ 10, yaani takriban 0.35 kila upande (1.96 ni namba ya uhakika wa asilimia 95, na 10 ni kipeuo cha pili cha 100). Watu 400 wanakupa 0.17. Maana yake, ukiwa na watu 100 kwa kila jamii, tofauti ya 0.2 kati ya jamii mbili haikuambii chochote, na bado utaona ripoti zinazozipanga jamii kumi kwa desimali mbili kama matokeo ya ligi.

Halafu kuna athari ya vishada, yaani makundi ya wahojiwa wa mahali pamoja. Ukihoji watu 20 katika kijiji kimoja, wanafanana kuliko watu 20 waliotawanyika. Kanuni ni 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni idadi ya wahojiwa kwa kishada na r ni kiwango cha kufanana kwao. Kwa m = 20 na r = 0.05 unapata 1.95: wahojiwa wako 400 wana nguvu ya 205 tu. Ni afadhali vijiji 40 vyenye watu 10 kuliko vijiji 20 vyenye watu 20, ingawa nauli itapanda.

Jamii ndogo hazitajitokeza zenyewe. Jamii iliyo asilimia 2 ya watu itakupa wahojiwa 24 katika sampuli ya 1,200. Ichukulie sampuli ya ziada, kisha rudisha uzito wake wa kweli unapokokotoa takwimu za nchi nzima.

Alama zinakokotolewaje? Naomba mfano.

Huu ni wa kubuni. Wahojiwa 100 wa jamii A wamejibu kuhusu jamii B: 30 wamechagua ngazi ya 1, 21 ya 2, 14 ya 3, 15 ya 4, 10 ya 5, 6 ya 6 na 4 ya 7. Zidisha kila idadi kwa ngazi yake, jumlisha, gawanya kwa 100:

30 + 42 + 42 + 60 + 50 + 36 + 28 = 288, hivyo wastani ni 2.88.

Wahojiwa haohao kuhusu jamii C: 58, 6, 3, 4, 4, 5 na 20. Jumla ni 58 + 12 + 9 + 16 + 20 + 30 + 140 = 285, wastani 2.85.

Ukichapisha wastani peke yake, msomaji ataona B na C wako mahali pamoja. Sasa tazama majibu yenyewe. Kwa B watu wametawanyika taratibu kutoka ndoa hadi kukataa, na ni 10 tu walio kwenye ngazi ya 6 na 7. Kwa C zaidi ya nusu wako tayari kuoana nao, na robo nzima wako kwenye ngazi mbili za mwisho. Mkengeuko sanifu wa B ni 1.77, wa C ni 2.49. Jamii A haina "maoni ya wastani" juu ya C. Imegawanyika pande mbili, na mgawanyiko huo una chanzo cha kutafutwa: umri, mkoa, chama, au tukio lililowapata wengine na kuwaacha wengine.

Kwa sababu hiyo kila jamii iripotiwe kwa namba nne: wastani, mediani (alama ya mtu wa katikati wote wakipangwa kwa alama), asilimia ya waliochagua 1 hadi 3, na asilimia ya waliochagua 6 au 7. Hapa mediani ya B ni 2 na ya C ni 1, asilimia za ukaribu ni 65 na 67, za ukataaji ni 10 na 25. Namba ya mwisho ndiyo ya kutazamwa kwanza na yeyote anayehangaikia usalama.

Kuna wanaopinga wastani moja kwa moja kwa hoja kwamba hatua kutoka rafiki hadi jirani si lazima ilingane na ile kutoka mgeni hadi aliyekatazwa kuingia. Hoja ni ya kweli. Wastani unavumilika kwa kulinganisha kwa haraka. Kwa uchambuzi wa sababu, tumia mbinu za data za mpangilio, ambazo hutazama tu ngazi ipi iko kabla ya ipi.

Kwa nini jedwali la umbali kati ya jamii lina pande mbili zisizofanana?

Kwa sababu umbali una mwelekeo. Panga jedwali hivi: safu za mlalo ni jamii zinazojibu, safu za wima ni jamii zinazoulizwa. A kwa B inaweza kuwa 2.1 huku B kwa A ikiwa 3.4. Huo si ukosefu wa usahihi, na usizijumlishe na kugawanya kwa mbili ili kupata "umbali kati ya A na B". Tofauti ya 1.3 yenyewe ndiyo matokeo.

Soma mlalo ili kujua jamii inawapokea wengine kwa kiasi gani. Soma wima ili kujua inavyopokewa. Jamii yenye wingi wa watu au madaraka mara nyingi hupokewa vizuri na wote bila yenyewe kuwapokea wote, kwani kuoana nayo kuna manufaa. Lakini kinyume chake pia hutokea: jamii ndogo inayohofia kumezwa huweka mlango wa ndoa wazi kidogo sana na mlango wa kazi wazi kabisa. Kuiita hiyo chuki ni kukosea. Ni ulinzi wa lugha na ukoo, na huonekana wazi ukitazama ngazi ya 1 na ya 4 kando kando.

Tumfanye nini mtu anayewakataa wote?

Mtenganishe na mtu anayekataa jamii moja. Chukua wastani wa mhojiwa mwenyewe kwa jamii zote za nje, kisha utoe kwenye kila alama yake. Mhojiwa wa kwanza ana wastani wa 4.8 na jamii B ameipa 5: tofauti ni 0.2, B kwake ni kama wengine tu. Wa pili ana wastani wa 1.6 na jamii B ameipa 4: tofauti ni 2.4. Huyu ni mkarimu kwa kila mtu isipokuwa B. Kwenye data ghafi wa kwanza anaonekana mbaya zaidi. Ripoti zote mbili, ghafi na iliyorekebishwa, kwa kuwa zinajibu maswali tofauti.

Mwenye 7 kwa kila jamii ikiwemo ya kwake hakusikiliza swali, au mhojaji amejaza karatasi chini ya mti bila kumhoji mtu. Mpigie simu umkague kabla ya kumfuta.

Nitajuaje kama ngazi zimekaa kama ngazi?

Kwa data ya ndiyo na hapana ya jaribio la awali. Anayekubali ndoa anapaswa kukubali urafiki, ujirani na kazi. Kila jibu linalovunja mpangilio huo ni kosa. Mwanasosholojia Louis Guttman alitoa kigawo rahisi cha kupima hilo: moja toa makosa yaliyogawanywa kwa majibu yote. Wahojiwa 150 kwa ngazi 7 ni majibu 1,050. Ukipata makosa 84, kigawo ni 0.92. Kipimo cha chini kilichozoeleka ni 0.90.

Usifurahi mapema. Kama karibu kila mtu amesema ndiyo kwenye ngazi zote, kigawo kitapanda chenyewe. Kwa hiyo angalia pia makosa yamejikusanya wapi. Mara nyingi ni kati ya jirani na mfanyakazi mwenza: mahali ambapo ardhi inagombaniwa, ujirani ni jambo zito kuliko kazi, na mahali ambapo ajira ni haba huwa kinyume. Mpangilio ukigeuka kwa jamii zote zinazojibu, zigeuze ngazi. Ukigeuka kwa jamii moja tu, ziache, lakini usilinganishe wastani wa jamii hiyo na wengine. Linganisha ngazi kwa ngazi.

Watu si watajibu tu la kupendeza?

Baadhi yao, ndiyo. Lakini pengo kati ya kusema na kutenda huenda pande zote mbili. Mwanasosholojia Richard LaPiere alizunguka Marekani na mume na mke wa Kichina, na katika makala yake ya mwaka 1934 alieleza kwamba kati ya hoteli na migahawa 251 walikataliwa mara moja tu. Baadaye alipowaandikia wenye sehemu hizo, katika majibu 128 aliyopokea zaidi ya asilimia 90 yalisema wasingewapokea Wachina. Ulimi ulikuwa mkali kuliko mkono. Siku hizi, pale ambapo kauli za kikabila zinaadhibiwa, huwa kinyume.

Njia moja ya kulifikia jibu la siri ni jaribio la orodha. Nusu ya wahojiwa, kwa bahati nasibu, wanasomewa mambo manne na kutaja ni mangapi yanawaudhi, bila kusema yapi. Nusu ya pili wanasomewa manne hayohayo na la tano: "mtu wa jamii B kuhamia jirani yangu." Kundi la kwanza likiwa na wastani wa 1.9 na la pili 2.3, tofauti ya 0.4 inakadiria kwamba asilimia 40 wanaudhika. Linganisha na swali la wazi. Linahitaji sampuli kubwa, takriban watu 1,000 na zaidi, kwani tofauti za kubahatika katika majibu ya mambo yale manne zinaingia kwenye jibu. Na mambo hayo yasiwe ya kuudhi kila mtu: anayeudhika na yote matano amejifichua.

Swali moja la ujirani halitoshi?

Linatosha kwa kulinganisha nchi nyingi. Afrobarometer, mradi wa kura za maoni barani Afrika, huuliza kama mtu angependa, asingejali au asingependa kuwa na majirani wa makabila mengine. Utafiti wa Maadili Duniani (World Values Survey) humpa mhojiwa orodha na kumwomba ataje asiotaka kuwa majirani. Yote ni mafupi na yamefanywa kwa miaka mingi. Kwa sehemu kubwa hayakuambii *ni kabila gani* wala ukaribu wa aina gani, na kwa nchi yenye mataifa mengi ndani yake hayo mawili ndiyo yanayotafutwa.

Kuna vipimo visivyotegemea maoni?

Vipo viwili vya kuaminika. Kwa ndoa, usihesabu tu ngapi ni za mchanganyiko. Linganisha na ambazo zingetokea kwa bahati. Jamii mbili zikiwa asilimia 80 na 20, ndoa za kubahatika zingekuwa 2 × 0.8 × 0.2, yaani asilimia 32 za mchanganyiko. Ukikuta asilimia 8, uwiano ni 0.25, yaani robo tu ya zile za kubahatika.

Kwa makazi, chukua mitaa mitatu. Jamii A ina watu 200, 120 na 80. B ina 20, 60 na 120. Geuza kuwa sehemu za jumla ya kila jamii: 0.5, 0.3, 0.2 na 0.1, 0.3, 0.6. Tofauti ni 0.4, 0 na 0.4. Nusu ya jumla ni 0.4. Maana yake asilimia 40 ya jamii moja wangepaswa kuhama ili mgawanyo ulingane. Mitaa mikubwa huficha utengano, hivyo taja ukubwa wa eneo ulilotumia. Na kumbuka kodi ya nyumba hutenganisha watu hata pale ambapo hawakatai kuishi pamoja.

Matokeo yachapishwe vipi bila kuwasha moto?

Usitoe orodha ya "makabila yanayochukiwa zaidi". Itakatwa, itasambazwa, na maelezo yako ya ukingo wa makosa hayatasafiri nayo. Toa jedwali zima lenye pande zote mbili, funika seli zenye wahojiwa chini ya 30, na kwenye vijiji vidogo usitaje jina la kijiji. Majina na namba za simu zitunzwe katika faili tofauti na majibu, na faili hiyo ifutwe baada ya ukaguzi. Usikusanye data katika wiki za kampeni isipokuwa kampeni ndiyo mada yako, kwani alama za wakati huo zinapima kampeni.

Tunaweza kulinganisha miaka?

Ikiwa maswali, orodha na aina ya wahojiwa havikubadilika. Mfululizo mrefu kuliko yote ni wa Marekani: wastani wa jumla ulikuwa 2.14 mwaka 1926, 2.12 mwaka 1946, 2.08 mwaka 1956, 1.92 mwaka 1966, 1.93 mwaka 1977 na 1.44 mwaka 2001. Unapendeza kwenye mchoro. Lakini sehemu kubwa ya wahojiwa walikuwa wanafunzi wa vyuo, na orodha ya jamii ilifanyiwa marekebisho kabla ya 2001, kwa hiyo mteremko wa mwisho hauwezi wote kuhesabiwa kuwa ni mabadiliko ya mioyo. Unapolazimika kubadilisha orodha yako, endesha ya zamani na mpya kwa pamoja kwa mzunguko mmoja, nusu kwa nusu, ili upate daraja kati yake. Mizunguko ipishane miaka miwili au zaidi, katika msimu uleule, na baada ya tukio kubwa ongeza mzunguko mdogo wa haraka badala ya kuusogeza ule wa kawaida.